Kabla ya kapeti, malizana na kifusi kwanza

Ukimaliza kujenga nyumba hapa Dar, ujue ardhi iliyoizunguka sio tena ile uliyouziwa. Uliyouziwa ilikuwa na majani, mizizi, minyoo, pengine na mihogo ya mwenye shamba. Sasa hivi pale kuna mabaki ya zege, vipande vya tofali, mifuko ya saruji iliyooza nusu, misumari, vigae vilivyokatwa, kona ambayo fundi rangi alikuwa anaoshea brashi zake, na njia nzima ambayo malori ya mchanga na kokoto yalipita tangu msingi mpaka kupaua. Juu ya hayo yote mtu amemwaga udongo mwekundu kidogo, akapitisha reki, uwanja ukapendeza. Halafu ndo nyasi zinaitwa.

Mimi kazi yangu ni bustani, natandika nyasi kuanzia Kigamboni mpaka Madale huko, na simu zinazoingia karibu zote zinaanza hivihivi: "Fundi, kapeti mita moja shilingi ngapi?" Sijawahi kumlaumu mtu kwa kuuliza hivyo, kapeti, yaani zile nyasi zilizooteshwa kitaluni zikakatwa vipande pamoja na udongo wake, ndo kitu kinachoonekana, ndo kitu kinachopigwa picha. Lakini kapeti linatandikwa siku moja, mbili kama uwanja ni mkubwa, na kinachoamua kama litakuwepo mwakani ni zile sentimita 15 mpaka 20 za udongo ulio chini yake ambazo hakuna mtu aliuliza bei yake. Na hapo ndo kuna tatizo ninalotaka kulisema wazi leo, kwa sababu naona watu wanapoteza hela zao kila msimu: tunavyolipana sisi mafundi na wenye nyumba ndo kunafanya udongo urukwe. Fundi akilipwa kwa mita ya nyasi iliyotandikwa, kila saa anayotumia kuchimba ni saa anayojipunja mwenyewe. Ana vijana watatu wa kulisha, ana usafiri wa kulipa, unategemea nini? Atakwangua juu, atatandika, atamwagia maji, atakutumia picha, wewe utafurahi, na wiki ya sita nyasi zinaanza kuwa njano kwa mabaka na yeye yuko saiti nyingine Goba.

Kwa hiyo mi nasema kuchimba na kuandaa udongo kuwe kazi yake yenyewe, na bei yake yenyewe, mkubaliane kabla hata ya kutaja aina ya nyasi. Mwenye nyumba anapoiona ile bei imesimama peke yake anashtuka kidogo, ni kweli, lakini akishaelezwa inakwenda wapi anaelewa. Sasa acha nieleze inakwenda wapi.

Cha kwanza ni kifusi. Sio kukisogeza, ni kukitoa. Chukua mtaimbo, tembea uwanja mzima ukiuchoma kila hatua mbili, utasikia mwenyewe: sehemu unazama vizuri, sehemu unagonga "ko!" na kurudi. Zile za ko weka kijiti. Ukichimba pale mara nyingi utakuta sehemu walipokuwa wanakorogea zege, kuna bamba la saruji limelala chini kimyakimya, sentimita 5 mpaka 10 chini ya udongo mzuri kabisa. Nyasi juu ya bamba kama lile zitaota, tena kipindi cha mvua zitakuwa za kijani kuliko za wenzao kwa sababu maji yanasimama pale, halafu jua la Januari likija zinakauka kwanza maana mizizi haina pa kwenda. Bamba linavunjwa kwa sururu na kutolewa lote. Usikubali mtu akwambie "tutaongeza udongo juu." Udongo juu ya zege ni chungu cha maua kisicho na tobo.

Na hata pale ambapo hakuna bamba, saruji na chokaa vilivyomwagika vinabadilisha udongo. Vinapandisha pH (kile kipimo cha tindikali na alkali), udongo unakuwa na alkali, na kwenye udongo wa namna hiyo madini ya chuma yapo lakini mzizi hauwezi kuyachukua, kwa hiyo unaona jani jipya linatoka njano huku mishipa yake imebaki kijani. Watu wakiona njano wanakimbilia urea. Wanamwaga urea, nyasi zinarefuka, njano iko palepale. Udongo wenye unga mweupe wa saruji dawa yake ni kuuzoa na kuutupa, sio kuupaka mbolea. Sehemu hiyo kwa kawaida ni ndogo, pembeni ya ukuta na karibu na lilipokuwa pipa la maji la mafundi, kwa hiyo haina haja ya kuogopa gharama.

Halafu kuna kushindiliwa. Hii watu hawaioni kabisa. Lori la mchanga likipita mara nyingi sehemu moja udongo unabanwa mpaka hewa inaisha, na mzizi unahitaji hewa kama unavyohitaji maji, haya mambo mawili yanakaa kwenye vijinafasi vilevile vya udongo. Pale lazima kukatuliwa kwa jembe au sururu, kina cha sentimita 15 angalau, 20 ikiwezekana. Na katua udongo ukiwa na unyevu wa wastani, sio ukiwa matope, maana ukikatua mfinyanzi mbichi unatengeneza mabonge yanayokauka yakawa mawe na utahangaika nayo mpaka basi.

Kabla ya kuagiza chochote fanya kajaribio kadogo, hakana gharama. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, jaza udongo wako mpaka theluthi, jaza maji, tia sabuni ya unga kidogo, funika, tikisa sana, weka dirishani. Mchanga unazama ndani ya dakika moja hivi. Vumbi laini linafuata baada ya saa kadhaa. Mfinyanzi unachukua siku nzima na zaidi, ndo ule unaobaki unafanya maji yawe na ukungu. Siku ya pili angalia tabaka zimepangana vipi, utajua una udongo gani. Kigamboni, Mbezi Beach, Kunduchi utakuta karibu chupa nzima ni mchanga, huku milimani upande wa Goba na Madale unakuta mwekundu wenye mfinyanzi ndani yake, na mabondeni ni mfinyanzi mweusi ule unaopasuka kiangazi. Hizi ni shida tofauti. Mchanga haushiki maji wala mbolea, ukimwagilia asubuhi mchana umekauka. Mfinyanzi unashika kupita kiasi, unazamisha mizizi. Lakini dawa yao kubwa ni moja, nayo ni mboji au samadi iliyoiva vizuri. Na usije ukamwaga mchanga kwenye mfinyanzi ukidhani unaulainisha, mchanga kidogo kwenye mfinyanzi unaufanya uzidi kuwa mgumu, ungehitaji mchanga mwingi mno ndo ufanye kazi.

Kuhusu maji kusimama: chimba shimo la sentimita 30, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena. Maji ya pili ndo ya kuangalia. Kama baada ya masaa manne matano bado yamo, una kazi ya mifereji kabla ya kazi ya nyasi. Hapo unachimba mfereji, unaweka kokoto na bomba lenye matundu, unaelekeza nje, na muhimu zaidi unaangalia maji ya bati yanaangukia wapi, kwa sababu nyumba nyingi hazina gata na mvua ya Aprili inayoshuka kutoka kwenye paa zima inachimba mtaro kwenye nyasi mpya kwa usiku mmoja.

Sasa udongo wa kununua, na hapa nitakaa kidogo.

Watu wanapenda udongo mweusi. Ukisema "udongo mweusi" mteja anaona rutuba. Lakini weusi peke yake hauna maana ya rutuba, mfinyanzi wa mabondeni nao ni mweusi na ukikauka unapasuka mpaka mguu wa mtoto unaingia. Lori likifika kabla halijamwaga panda juu, chukua udongo kwenye kiganja, lowesha, viringisha uwe kama kamba, halafu jaribu kuukunja uwe pete. Ukikunjika pete safi bila kukatika huo ni mfinyanzi, rudisha. Ukikataa kabisa kuwa kamba huo ni kichanga tu kilichopakwa rangi na matope. Unaotaka ni ule unaokuwa kamba fupi halafu unakatika, tifutifu. Na muulize dereva unatoka wapi. Ule unaochimbwa kingo za mito mi siununui, kwanza kwa sababu kila masika tunaona mito inavyokula kingo na nyumba za watu bonde la Msimbazi, sioni sababu ya bustani ya mtu mmoja kuongezea hilo, na pili kwa sababu udongo wa mabondeni unakuja na ndago.

Ndago! Hili jani limeharibu bustani nyingi kuliko ukame. Kwa wasiolijua, ni lile lenye majani membamba yanayong'aa, shina lake ukilikata lina pembe tatu, na chini lina vijiazi vyeusi vimeungana kwa nyuzi. Ukiling'oa unapata jani tu, kijiazi kinabaki. Ukilikatua kwa jembe unakata ule mnyororo na kila kijiazi kinaota kivyake, kwa hiyo ulikuwa na ndago moja sasa una tano. Kapeti haliizuii hata kidogo, ncha yake ni kali kiasi kwamba inatoboa hata karatasi la nailoni wanalotandika wakulima wa mboga, sembuse nyasi. Na ikishatokea katikati ya nyasi mpya ni vita ya miaka.

Dawa ya ndago ni subira kabla ya kutandika. Baada ya kuchimba na kumwaga udongo, sawazisha kidogo, mwagilia kama vile umeshapanda, uache wiki mbili tatu. Kila kitu kilicho ndani ya udongo kitaota, ndago, mbigili, mchicha pori, ukoka wa zamani. Hapo ndo unapiga glaifoseti, dawa ya kuua majani, asubuhi isiyo na upepo, majani yakiwa mabichi na yanakua kwa nguvu, ukiwa na glovu, buti na barakoa, watoto na kuku wakiwa ndani. Subiri siku kumi mpaka 14 dawa ishuke mpaka kwenye vijiazi, usilime siku ya tatu ukidhani imeshakufa. Mwagilia tena, subiri tena, zikitokea nyingine rudia. Wasiotaka dawa wanaweza kuchekecha udongo kwenye wavu ule wa kuchekechea mchanga wa plasta na kuokota vijiazi kimoja kimoja, inawezekana kwa eneo dogo, nimeiona ikifanikiwa mbele ya baraza, kwa uwanja mkubwa ni adhabu. Najua mwenye nyumba anataka nyasi kabla ya sherehe, anaona wiki zinapita uwanja ni vumbi tupu. Nawaambia kina mama, "Mama yangu, hizi wiki tunazosubiri sasa hivi ni miaka ambayo hutainama kung'oa." Wengi wananielewa.

Samadi. Dar mbolea ya kuku ni rahisi kupata kwa sababu ufugaji wa kuku wa kisasa umejaa kila mtaa, lakini ile inayotoka bandani moja kwa moja ni kali, inaunguza mizizi, na ina maranda mengi ambayo yakiwa yanaoza ndani ya udongo yanakula naitrojeni ileile, chakula cha majani, uliyotaka nyasi zipate. Ilundike, ilowanishe, igeuze mara kwa mara, iache mpaka isitoe joto na isinuke mavi, inuke udongo. Ya ng'ombe ni ya upole zaidi ila inakuja na mbegu za majani, ndo maana ni vizuri iingie kabla ya ile subira ya ndago, mbegu zake ziote na kufa pamoja na nyingine. Kiasi: tabaka la sentimita 3 juu ya uwanja wote halafu unachanganya na jembe mpaka chini. Uwanja wa mita 100 za mraba hiyo ni mita 3 za ujazo, piga hesabu hiyo kabla ya kuongea na mwenye kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, asije akakuletea viroba vichache mkagawana uwanja mzima kama chumvi. Na kama unaongeza udongo wa sentimita 10 eneo hilohilo, ni mita 10 za ujazo, kwa hiyo muulize mwenye lori linabeba kyubiki ngapi, "trip moja" haina kipimo.

Mwisho kabla ya kusawazisha weka DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, kilo moja hivi kwa mita 100 za mraba, uichanganye na sentimita za juu. Sababu ya kuiweka sasa ni kwamba fosforasi haitembei kwenye udongo, ukiimwaga juu ya nyasi baadaye inabaki juu hukohuko wakati mizizi inaitaka chini.

Kusawazisha ndo kazi ninayoipenda kuliko zote. Unapigilia vigingi, unafunga kamba, unachukua ule mpira wa maji wa mafundi ujenzi na kuhamisha usawa kutoka nyumbani kwenda ukutani, na unahakikisha ardhi inashuka ikienda mbali na nyumba, sentimita 2 kwa kila mita inatosha, jicho halioni mteremko huo lakini maji yanauona. Kimo cha mwisho cha udongo kiwe chini ya pevingi, vile vitofali vya njia, kwa sentimita 2 mpaka 3 maana kapeti nalo lina unene wake, ukisahau hilo nyasi zinakaa juu ya njia na kila mvua inaleta matope mlangoni. Mwagilia uwanja wote, uache ushuke wenyewe, sehemu zilizozama ongeza, zilizopanda punguza, mwagilia tena. Pita juu yake na viatu: nyayo zikizama sentimita moja hivi uko tayari, zikizama mpaka kifundo bado, na zisipoonekana kabisa umeshindilia kupita kiasi, pitisha reki.

Kuchagua nyasi sitasema mengi kwa sababu jibu liko kwenye jua na maji yako. Paspalum inapenda jua na inavumilia chumvi, ndo maana visima vya ukanda wa bahari vyenye maji ya chumvichumvi haviiui haraka, na ndo maana hata viwanja vya Kombe la Dunia Qatar 2022 vilioteshwa paspalum. Ukoka nao ni wa jua kali, unavumilia kukanyagwa na watoto na mpira, na watu wanaoudharau kwa sababu unaota bure barabarani wajue zile nyasi za viwanja vya gofu Marekani zinazoitwa Tifway zilitoka kwa kuchanganya ukoka na jamaa yake wa Afrika Kusini, kule Tifton, Georgia. Nyasi ya Pemba, ile ya jani pana, ndo inayovumilia kivuli kidogo. Kikuyu iache kwa watu wa Arusha, Limuru na nyanda za juu, kwao huko ndo nyumbani kwake, joto la Dar linaitesa. Na chini ya mwembe mkubwa usiotoa jua usiweke nyasi yoyote, weka kokoto au maua ya kivuli, mwembe hauwezi kushindwa na kapeti.

Tena sio lazima uwanja wote uwe kapeti. Miche ya kupandikiza ni nafuu sana na kwa joto letu inaziba uwanja kwa miezi michache. Mi nashauri kapeti kwenye mteremko ambako mvua itaondoka na udongo, kwenye kingo za njia, na mbele ya nyumba, nyuma weka miche. Hela inayobaki iende kwenye samadi.

Siku ya kapeti lenyewe. Liletwe asubuhi mapema na litandikwe siku hiyohiyo, hakuna kulaza. Vipande vikiwa vimelundikwa vinapumua na kupata joto vyenyewe ndani ya lundo, ingiza mkono katikati utashangaa, na kwa jua la hapa lundo likikaa mpaka jioni utafungua nyasi za njano. Vikisubiri viwe kivulini vimefunikwa magunia ya katani yaliyoloweshwa. Kabla hujapokea inua kipande kwa kushika ncha moja: kikikatika mizizi haijashikana, kilivunwa mapema. Geuza uangalie chini, mizizi iwe myeupe. Angalia pia udongo ulioshikamana nacho ni wa namna gani. Kapeti lililooteshwa kwenye mfinyanzi likiwekwa juu ya mchanga wa Kigamboni, maji hayavuki vizuri pale vinapokutana, juu kunabaki tope na chini kukavu, mizizi inakaa kwenye kile kimfinyanzi inakataa kushuka. Ikiwa hivyo chagua kapeti jembamba, mwenye kitalu akubali kupunguza udongo wa chini, na uso wa uwanja wako uupitishe reki uwe na mikwaruzo, usiwe laini.

Lowesha udongo kabla ya kutandika, udongo mkavu wa moto unaunguza mizizi dakika ileile. Anzia kwenye mstari ulionyooka na mrefu kuliko yote, kawaida ni ukingo wa pevingi. Piga magoti juu ya ubao, sio juu ya udongo uliousawazisha. Vipande vigusane kabisa bila kupandana na bila kuvutwa, ukikivuta kipande kitajirudi kikikauka na kuacha ufa. Mstari wa pili maungio yapishane na ya mstari wa kwanza, fundi ujenzi yeyote anakuelewa ukimwambia hivyo. Kwenye mteremko tandika kwa kukata mteremko, sio kufuata, na pigilia vijiti vya mianzi visiteleze. Vipande vidogo vidogo usiviweke pembeni, pembeni ndo kunakokauka kwanza, kata kipande cha katikati uweke kidogo huko ndani ambako wenzake watakishikia unyevu. Ukimaliza eneo la ukubwa wa chumba, gandamiza kwa ubao au rola, jaza nyufa kwa mchanga uliochekechwa na mboji, na mpira wa maji uanze hapohapo, usisubiri uwanja wote uishe.

Maji: siku za kwanza lazima yapenye kapeti yafike kwenye udongo wa chini. Njia pekee ya kujua ni kuinua kona na kugusa. Uso unaweza kung'aa maji huku chini ni vumbi. Wiki ya kwanza asubuhi na jioni, na mchana pia kama kuna upepo wa bahari unaokausha. Wiki ya pili ukivuta kona ikakataa, mizizi imeanza kushika, punguza, mwagilia mara chache lakini kwa kina ili mizizi ifuate maji chini. Nyasi iliyozoea kunyunyiziwa kidogokidogo kila siku haina sababu ya kwenda chini. Baadaye kwenye kiangazi hesabu milimita 25 kwa wiki, na milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo uwanja wa mita 100 unakunywa lita 2,500 kwa wiki, simtanki mbili na nusu za lita 1,000. Kama maji yako ni ya mgao au ya boza, piga hesabu hiyo kabla ya kuamua ukubwa wa uwanja. Mita 40 zenye afya ni bora kuliko 100 zinazokufa kila Februari. Ndo maana pia napenda kuchimba kuanzia Desemba au Januari ili ndago imalizwe, halafu kutandika katikati ya Machi masika yakianza, kabla ya mvua kubwa za Aprili.

Kukata mara ya kwanza ni pale nyasi zimefika sentimita 6 hivi na kona haivutiki tena. Kisu cha mashine kiwe kikali, ardhi isiwe matope, na usitoe zaidi ya theluthi ya jani. Kukata mpaka chini ili "zikae muda mrefu" ni kuziua njaa, jani ndo jiko la nyasi. Baada ya wiki sita hivi weka urea, kilo moja kwa mita 100 za mraba, jioni, majani yakiwa makavu, na mwagilia palepale iingie chini.

Na malipo, narudi hapo maana ndo nilipoanzia. Mkikubaliana na fundi wako, mgawanye mara tatu. Sehemu ya kwanza alipwe uwanja ukiwa umechimbwa na kifusi kimetoka nje ya geti, upite na mtaimbo wewe mwenyewe, aisee usione aibu, fundi mzuri atafurahi unavyokagua. Sehemu ya pili siku kapeti linapotandikwa. Sehemu ya mwisho baada ya wiki tatu, mkiwa wote wawili uwanjani, mwagilieni maji mengi muangalie yanasimama wapi, halafu vuteni kona kumi za kapeti sehemu tofauti. Zikikataa zote, mlipe yote siku hiyohiyo bila kumzungusha.